Maji yanaingia mashine ikiwa imezimwa: usikimbilie kununua bodi

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mashine yangu ya kufulia ilikuwa inajaza maji polepole mno. Aliyekuja kuitazama akang'oa kile kiwavu kilichomo kwenye tundu la kuingilia maji, na kweli yakaanza kuingia kwa kasi. Baada ya muda nikawa kila asubuhi nakuta maji ndani ya ngoma, na usiku sikuiwasha. Sasa ananiambia bodi, ile sakiti ya umeme inayoiendesha mashine, imekufa. Mimi nashuku vali, ile inayofungua na kufunga maji yanayoingia. Nikiamua kuibadilisha mwenyewe nitaweza?

JIBU: Utaweza, na nakubaliana nawe kwamba ni vali. Ili uhakikishe, chomoa plagi ukutani, acha bomba wazi, kisha chungulia ndani ya ngoma. Maji yakiendelea kuingia, bodi haihusiki, kwa sababu bila umeme haina uwezo wa kufungua chochote. Kipimo hiki hakidai kifaa wala elimu, na fundi anayekutajia bei ya bodi kabla ya kukifanya anabahatisha kwa fedha zako.

Lakini kilichoniudhi zaidi katika swali lako ni hicho kiwavu. Naletewa mashine zilizong'olewa viwavu kila mara, na mwenyewe huwa ameambiwa kwamba "kinazuia maji bure".

Wengi hudhani koili, ule waya uliozungushwa kwenye vali na kupewa umeme, ndiyo inayozuia maji. Koili haina nguvu hizo. Inachofanya ni kuvuta kijiti kidogo cha chuma kilichoziba tundu katikati ya kiwambo cha mpira. Tundu likifunuka, maji yaliyokuwa yakikikandamiza kiwambo kwa juu yanatoka, na presha ya bomba inakiinua kutoka chini. Umeme ukikatika, springi inakirudisha kijiti mahali pake. Maji nayo yanapenya taratibu kwenye kitundu kingine, chembamba mno, pembeni mwa kiwambo, yanajaa juu yake na kukishindilia chini. Kwa hiyo vali hufungwa na maji yenyewe. Chembe moja ya mchanga ikiziba kile kitundu cha pembeni, kiwambo hakishuki. Ikinasa pale kiwambo kinapokalia, maji yanadondoka usiku kucha, kama yanavyodondoka kwako.

Kiwavu kiliwekwa ili chembe hiyo isifike huko. Kilipoziba, kilikuwa kimetimiza kazi yake. Kilitakiwa kuvutwa kwa koleo, kusuguliwa kwa mswaki wa zamani na kurudishwa. Basi.

Usidanganyike pia na mita ya kupimia umeme. Koili nzima ya mashine ya volti 220 hadi 240 kwa kawaida husoma ukinzani wa kati ya kiloomu 3 na 5, na yako huenda ikasoma vizuri kabisa. Hilo linakuambia kwamba koili ni nzima. Halikuambii chochote kuhusu vali kufunga.

Kubadilisha kwenyewe ni kazi nyepesi. Chomoa plagi, funga bomba, fungua mpira wa maji huku umekinga ndoo. Vali nyingi ziko nyuma, upande wa juu, chini ya kifuniko. Piga picha kabla ya kugusa waya wowote: vali ikiwa na koili mbili au tatu na ukapishanisha waya, maji yatapitia chumba cha dawa ya kulainisha nguo na sabuni itabaki kavu. Nunua yenye namba ileile, volti zilezile, matundu yanayotazama upande uleule, na iwe na kiwavu chake. Weka washa mpya, yaani ile pete ya mpira, kaza nati ya plastiki kwa mkono, si kwa spana. Kisha fungua bomba kabla ya kurudisha kifuniko na plagi, umulike tochi kila kiungo.

Jambo moja la kuangalia kwanza: kama maji yako yanatoka kwenye tangi lililoinuliwa kidogo tu, hata vali mpya inaweza kushindwa kufunga, maana inategemea presha. Mita 10 za kimo hutoa presha ya takriban baa 1. Kiwango cha chini ambacho mashine yako inahitaji kimeandikwa kwenye kitabu chake.

Na kwa wengine wote mnaosoma: kung'oa kiwavu ni ukorofi mdogo ukilinganisha na ule wa kuunga umeme moja kwa moja kwenye koili pale mashine inapokataa kuingiza maji. Mara nyingi vali hiyo ni nzima. Kufuli la mlango halijashika, au swichi ya presha, ile inayopima kiasi cha maji ndani, ina hitilafu, hivyo koili haipewi umeme. Anayeiunga moja kwa moja ameondoa kitu pekee kinachoiambia mashine kwamba maji yametosha. Ngoma itajaa mpaka ifurike, na koili, ambayo haikutengenezwa kukaa na umeme kwa saa nyingi, itaungua katikati ya sehemu iliyolowa. Wapo pia wanaoipasua vali kuisafisha na kuigundisha kwa gundi, ilhali nyuma yake kuna presha ya bomba saa zote. Mkiona waya wa ziada uliozungushiwa utepe karibu na vali, au alama za gundi juu yake, chomoeni plagi, fungeni bomba, na mashine isiwashwe mpaka vitu hivyo viondolewe.