Kutoka faili ghafi hadi HDR: majibu kwa wapiga picha wa Goma

Barua tulizopata safari hii zinatoka Himbi, Birere, Katindo na Kituku, na zote zinauliza namna ya kugeuza picha ghafi za kamera (RAW) kuwa faili la HDR, yaani la mwanga wenye mapana makubwa. Hatuzungumzii zile picha zenye mawingu yaliyokolezwa hadi yanatisha. Faili la HDR ni faili linaloandika mwanga kwa namba za desimali, bila dari la 255 lililo kwenye JPEG ya kawaida. Goma inalihitaji kweli: mawe ya volkano ni meusi tititi, mabati mapya yanachoma macho, na nyuma yake ziwa linarudisha jua lote.

«Ninapiga harusi huku Himbi. Suti nyeusi, gauni jeupe, jua la saa saba mchana. Nikigeuza faili ghafi moja kuwa EXR, nitarudisha nakshi za gauni zilizoungua?»

Hapana, ndugu. EXR ni aina mojawapo ya faili la HDR, na chombo kikubwa hakiongezi kilichomo. Ukimimina lita tano kwenye bidoni ya lita ishirini, bado una lita tano. Faili ghafi la biti 14 lina ngazi 16,384. Stopu ni hatua ya mwanga kuongezeka mara mbili. Stopu ya juu kabisa inachukua 8,192, inayofuata 4,096, na kila ukishuka zinapungua nusu. Ukifika stopu ya kumi zimebaki 16 tu. Ndiyo maana suti nyeusi ukiivuta juu sana inatoa chenga. Kilichoungua juu kimepita uwezo wa sensa, na hakuna programu itakayokisoma.

Faida ya EXR kwa faili moja ni kwamba mwanga wote uliomo haukatwi wakati wa kuhariri. Siku ya harusi, pima mwanga kwenye gauni, si kwenye suti. Na ujue kwamba histogramu ya kamera inachorwa kutokana na JPEG ndogo ya ndani, kwa hiyo mara nyingi inalia «imeungua» kabla faili ghafi lenyewe halijaungua. Fanya majaribio na kamera yako ujue inakuachia nafasi kiasi gani.

«Niko na kompyuta ya Linux, sina pesa ya programu. Nipeni amri zenyewe, hatua kwa hatua. Nilijaribu, ikatoka picha nyeusi kama usiku.»

Amri ni mbili. Ya kwanza inatoa TIFF ya biti 16 ambayo mwanga wake haujapindwa:

dcraw -v -4 -T -w -H 0 picha.NEF

Hapo -4 inamaanisha biti 16, bila gama (mpindo wa mwanga unaowekwa ili picha ionekane vizuri kwenye skrini) na bila programu kujiongezea mwanga. -T inatoa TIFF. Kisha -w inatumia mizani ya weupe ya kamera. -H 0 inakata vilivyoungua viwe vyeupe. Kwa kamera mpya tumia dcraw_emu, inayokuja na LibRaw, kwa sababu dcraw yenyewe iliacha kuendelezwa na haisomi mafaili ghafi mapya kama CR3 ya Canon. Herufi za amri hii ni zile zile, ila jina la faili linatoka kama picha.NEF.tiff. Amri ya pili inageuza TIFF hiyo kuwa EXR:

oiiotool picha.tiff -d half --compression zip -o picha.exr

Sasa giza lako. Lina sababu mbili, na lazima uzitofautishe. Ya kwanza si kosa: ukifungua TIFF hiyo kwenye programu ya kawaida, kadi ya kijivu inayorudisha mwanga asilimia 18 itaonekana kwenye 46 kati ya 255, wakati jicho linaitegemea kwenye 118. Mwanga upo, ila gama ya kuonyeshea haijawekwa. Iache hivyo hivyo.

Ya pili ni kosa halisi. Baadhi ya programu zikiona TIFF zinadhani ina gama ya sRGB, ile ya skrini za kawaida, kwa hiyo zinainyoosha mara ya pili zinapoandika EXR. Ile 0.18 inashuka hadi karibu 0.027, na hapo namba zako zimeharibika kabisa. oiiotool haifanyi hivyo usipoiagiza.

Kuhakikisha, piga ukuta mmoja mara mbili, kwa 1/125 na kwa 1/30, tundu na ISO vikiwa vile vile. Geuza zote mbili, kisha soma namba za kipande kile kile cha ukuta. Cha kwanza kikiwa 0.05, cha pili lazima kikaribie 0.20, yaani mara nne. Ukipata mara saba au mara mbili, kuna mahali gama imeingia. Tunasisitiza jaribio hili kwa moyo wote, maana linachukua dakika kumi na linakuonyesha kosa ambalo macho hayalioni.

Na umeme ukikatika katikati ya kazi, futa EXR ya mwisho uifanye upya. Faili lililokatika njiani mara nyingine linafunguka, sehemu ya chini ikiwa tupu.

«Jua likizama upande wa Sake, katikati ya jua inatoka rangi ya waridi. Kamera yangu imekufa?»

Kamera ni nzima, mama. Waridi hiyo ni hesabu tu. Chukua pikseli ya katikati ya jua: nyekundu, kijani na buluu zote zimegonga dari la sensa, kwa hiyo zote ni 1. Kisha mizani ya weupe inazidisha kila rangi kwa kizidisho chake. Tuseme ni 2 kwa nyekundu, 1 kwa kijani na 1.5 kwa buluu. Pikseli iliyokuwa 1, 1, 1 inakuwa 2, 1, 1.5. Nyekundu na buluu zimezidi kijani, na macho yanaona waridi. Kwenye JPEG hutaliona tatizo hili, kwa sababu kila kilichozidi 1 kinakatwa na picha inarudi nyeupe. Faili la HDR halikati, linaandika 2 kama 2, na ndipo kosa linajitokeza.

Dawa ni kukata kabla ya kuandika EXR, na kwenye amri ya juu -H 0 ndiyo inayokata. Ukiweka -H 1, waridi itarudi. -H 2 inachanganya taratibu ukingoni, na kwa jua au taa tunaipenda zaidi. Kuanzia -H 3 hadi -H 9 programu inajaribu kubuni rangi zilizopotea. Kwa wingu inaweza kufaa, kwa uso wa mtu usithubutu. Lakini dawa ya kweli ni kupiga picha nyingine fupi zaidi, ambayo ndani yake jua halijaungua.

«Basi nipige ngapi? Nataka ziwa wakati wa magharibi, na mitumbwi ya kuvua sambaza, wale samaki wadogo, ikiwasha taa.»

Weka tripodi, zima fokasi ya kujiendesha, tundu f/8, ISO 100, kisha badilisha kasi ya shata peke yake: 1/500, 1/125, 1/30, 1/8. Ukibadilisha tundu, kina cha picha kinabadilika na picha hazikai moja juu ya nyingine. Hatua ya stopu mbili inatosha kwa faili ghafi. Wanaopiga tisa kwa stopu moja wanajaza kadi bure. Nne hizi zinakuongezea stopu sita juu ya zile ambazo picha moja inabeba.

Fanya haraka. Sisi tuko karibu na ikweta, jua likishazama nusu saa haiishi kabla giza halijatanda. Ukisubiri dakika mbili kati ya picha na picha, mwanga wenyewe umeshuka, na programu inayoamini namba za shata itakosea hesabu.

Mizani ya weupe nayo iwe moja kwa zote. Ikiwa kwenye otomatiki, -w itachukua vizidisho tofauti kwa kila faili na anga litatoka na mistari ya rangi. Andika vizidisho mwenyewe, kwa mfano -r 2 1 1.5 1, badala ya -w.

Kuunganisha, HDRMerge ni ya bure na inachukua mafaili ghafi yenyewe. Inatoa DNG (aina ya faili ghafi) ya namba za desimali, na unachagua biti 16, 24 au 32 kwa kila rangi; 16 zinatosha. Mitumbwi inayotikisika itatoa vivuli viwili viwili. HDRMerge ina brashi: chagua tabaka moja, paka juu ya mtumbwi, ili mtumbwi wote utoke kwenye picha moja. Chagua ile ambayo taa haijaungua, hata kama mbao zina chenga kidogo.

Kisha fungua DNG hiyo kwenye darktable, programu ya kuhariri mafaili ghafi. Zima moduli ya kubana mwanga, iwe filmic au sigmoid, na rudisha moduli ya mwanga kwenye 0, maana yenyewe hupenda kuongeza. Toa OpenEXR (ndiyo ile EXR) kwa profaili ya rangi ya Rec2020 isiyo na gama. Ukisahau kuzima filmic, taa zote zitarudi chini ya 1, na kazi yote ya tripodi imepotea bila onyo lolote.

«Mawe meusi ya lava yanatoka na rangi ya zambarau kwenye kivuli.»

Huyu ni ndugu yake waridi ya jua, ila amekaa chini. Sensa haianzii sifuri. Ina kiwango cha weusi ambacho lazima kitolewe kwanza. Kisipotolewa chote, kile kidogo kinachobaki kinazidishwa na mizani ya weupe, nyekundu na buluu zinapanda, lava inakuwa zambarau. Kikitolewa kupita kiasi, inakuwa kijani. Kwenye dcraw kiwango hicho unakiandika kwa -k. Kukipata, piga picha moja ghafi kifuniko cha lenzi kikiwa kimefungwa, usome wastani wake.

«EXR, Radiance au TIFF? Diski yangu imejaa.»

Kwa kamera ya pikseli milioni 24, kabla ya kubana: TIFF ya biti 32 ni MB 288, EXR ya biti 16 ni MB 144, Radiance ni MB 96. Radiance, kazi ya Greg Ward, ni nyepesi kwa sababu rangi tatu zinagawana kipeo kimoja, baiti nne kwa kila pikseli. EXR, iliyotengenezwa na Industrial Light & Magic na kutolewa kwa wote mwaka 2003, ina ngazi 1,024 kwa kila stopu na inafika hadi 65,504. Tumia EXR yenye mbano wa ZIP au PIZ. Zote hazipotezi kitu. Na mafaili ghafi usiyafute hata diski ikijaa.

«Mteja anataka aione kwenye simu. Nimtumie EXR?»

Simu yake haitaifungua, na mega zake zitaisha. EXR ni ya karakana. Kwa simu tengeneza AVIF (aina ya picha iliyobanwa) ya biti 10, au JPEG yenye ramani ya mwanga, ile ambayo Android 14 ya mwaka 2023 inaiita Ultra HDR. Adobe Camera Raw na Lightroom zina kitufe cha HDR na zinatoa aina zote mbili. Hiyo JPEG ndiyo salama zaidi kwa mteja usiyejua simu yake: skrini yenye uwezo inawasha taa za mitumbwi kweli kweli, simu ya zamani inaonyesha picha ya kawaida bila kulalamika. Kwenye WhatsApp itume kama waraka, si kama picha, kwa sababu picha inabanwa upya na ramani ya mwanga inaweza kubaki njiani.