Maonyesho ya kwanza chuoni: utundike nini, usaini nini

Ndugu, nimekuelewa: chuo kinakupa ukumbi hapa Lubumbashi mwezi wa kwanza, una michoro thelathini, na unaogopa eti watu wetu hawajali sanaa. Hilo la mwisho liache. Mji huu ulikuwa na karakana ya wachoraji iliyoitwa Hangar tangu 1946, na samaki na ndege aliowachora Pili Pili Mulongoy walitokea humo.

Michoro punguza. Kumi na miwili inayoendana yatosha. Katikati ya kila mmoja iwe kama sentimita 150 kutoka sakafuni.

Mwezi wa kwanza ni mvua, kwa hiyo ukuta wenye unyevu usiutundikie karatasi kabisa. Nyuma ya fremu bandika vipande vya mbao, hewa ipite.

Bei ziandike wazi, dola na franka. (Wengine watakuja kunywa soda tu, uzoee.)

Kabla ya kuacha kazi zako pale, dai karatasi yenye sahihi: orodha ya michoro, asilimia ya mauzo itakayochukuliwa na chuo, nani atalipa kikiibiwa kitu. Wakitaka haki ya kuchapisha picha zako bila kikomo, usisaini kabla wakili hajaisoma.