Dubu Mweusi wa Montana: Tazama Tena Kabla ya Kunyanyua Bunduki

Neno dubu tunalo tangu zamani, tumelipokea kutoka Kiarabu, lakini mnyama mwenyewe kwetu hayuko. Wengi wetu tulimjua kanisani kwanza, pale Daudi anapomsimulia Sauli jinsi alivyomwokoa kondoo wa baba yake kinywani mwa simba na dubu. Mimi nimezaliwa Fizi, mashariki ya Kongo, katika ukoo wa wawindaji, nikakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi bila kutega hata ndezi, kisha nikaletwa Missoula, mji wa jimbo la Montana hapa Marekani, ambako dubu hushuka usiku kupekua mapipa ya taka. Sasa nina misimu saba ya kumwinda. Kila theluji inapoanza kuyeyuka vijana wetu hunijia, na karibu wote huanza kwa kuuliza bunduki gani wanunue.

Bunduki iacheni kwanza. Mzee mmoja tunayesali naye, mzaliwa wa hapa, ndiye aliyenishika mkono. Mwaka wa kwanza hakuniruhusu kubeba chochote isipokuwa darubini na maji. Nikimwonyesha dubu ng'ambo ya bonde, jibu lake lilikuwa moja: "Tazama tena." Nilichoka nalo neno hilo. Leo ndilo ninalowapa ninyi, na mengine yote nitakayoeleza yamejengwa juu yake.

Kabla ya msitu kuna karatasi, na sisi wahamiaji kosa la karatasi hutuumiza kuliko jirani aliyezaliwa hapa. Aliyekuja kama mkimbizi au mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaweza kununua bunduki ya kuwindia kihalali. Asiye na hati halali haruhusiwi hata kuishika. Aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo au matembezi, naye amekatazwa ila kwa masharti maalumu, mojawapo likiwa kuwa na leseni halali ya uwindaji. Dukani utajaza fomu ya serikali kuu inayouliza hali yako ya uhamiaji. Itauliza pia kuhusu bangi, na itakukumbusha kwamba sheria ya serikali kuu haijali kama jimbo limeiruhusu. Usiandike uongo hata neno moja. Kosa la bunduki linaweza kukufungulia kesi ya kufukuzwa nchini, wewe uliyesubiri miaka kumi na zaidi kambini ili ufike. Kama una shaka, muulize wakili wa uhamiaji kabla ya kumuuliza muuza bunduki.

Leseni za bei ya mkaazi zinataka uwe umeishi Montana siku 180 mfululizo. Aliyezaliwa baada ya Januari 1, 1985 lazima awe amepita kozi ya usalama wa uwindaji. Kwa dubu mweusi kuna mtihani zaidi: idara ya wanyamapori ya jimbo inataka ufaulu jaribio la kumtofautisha dubu mweusi na grizli, dubu wa aina nyingine, kabla hujauziwa leseni yake. Linafanyika kwenye intaneti, na watu hulipita haraka haraka wakidhani wamemaliza. Mimi hulirudia kila Machi, ingawa hakuna anayenilazimisha.

Msimu wa kuchipua hufunguliwa Aprili 15. Usikimbilie siku hiyo. Milimani bado kuna theluji, barabara za misitu ni tope, na dubu wengi hawajachangamka. Madume hutoka mapangoni kwanza, na majike wenye watoto hutoka mwisho. Wiki za katikati ya Mei ndizo ninazozipenda. Wakati huo dubu hana matunda wala nyama ya kutosha, anakula majani kama ng'ombe. Tafuta miteremko inayotazama kusini, ambako theluji huisha mapema na majani mabichi huwahi kutoka. Tafuta pia njia za maporomoko ya theluji, na barabara za zamani za wakata magogo zilizofungwa kwa geti, ambazo zimeota klova na yale maua ya njano yanayojaa kwenye bustani za mjini. Msitu wa taifa wa Lolo una nyingi za namna hiyo. Acha gari getini, tembea kwa miguu, utazame kinyesi chake. Kikiwa cha kijani na kibichi, uko jirani naye.

Hapa Montana hairuhusiwi kumvuta dubu kwa chambo. Idaho ng'ambo ya mpaka wanaruhusu katika maeneo mengi, na Maine vilevile, ambako wapiga kura waliombwa wapige marufuku mwaka 2004 na tena 2014, wakakataa mara zote mbili. Ukiwa na jamaa Boise au Lewiston wanaokusimulia mapipa ya maandazi makavu yaliyowekwa msituni, usiige. Sheria za jimbo moja haziendi jimbo jingine, na kuvuka mpaka na mnyama aliyeuawa kinyume cha sheria ni kosa la serikali kuu tangu mwaka 1900. Na shamba la mtu ni la mtu: usikanyage kuwinda bila ruhusa yake, hata kama hakuna kibao.

Kwa hiyo uwindaji wetu ni wa kukaa. Unapanda upande mmoja wa bonde alasiri, upepo ukikujia usoni, unatazama upande wa pili mpaka giza linapokaribia. Pua ya dubu inashinda ya mbwa. Upepo ukigeuka, ondoka, rudi kesho. Saa mbili za mwisho kabla ya jua kuzama zina thamani kuliko asubuhi nzima. Sheria inaruhusu kupiga hadi nusu saa baada ya jua kuzama, lakini mimi huacha mapema, kwa sababu ya jambo ninalofuata kulieleza.

Grizli analindwa na sheria ya serikali kuu tangu mwaka 1975 katika majimbo yote yaliyo kusini ya Kanada, na anaishi milima hii hii. Kumuua kwa kudhani ni dubu mweusi hakukuondolei kesi. Usidanganywe na jina: huku magharibi dubu mweusi anaweza kuwa kahawia, wa rangi ya mdalasini, hata wa rangi ya asali. Rangi itupe kabisa, na ukubwa pia, maana grizli mdogo ni mdogo kuliko dubu mweusi mzee. Angalia mabega. Grizli ana nundu ya misuli juu ya mabega, na hapo ndipo anapokuwa juu zaidi akisimama. Dubu mweusi hana nundu, mgongo au makalio yake ndiyo huinuka. Angalia uso kwa ubavu: wa dubu mweusi umenyooka kutoka paji hadi puani, wa grizli umebonyea katikati. Masikio ya dubu mweusi ni marefu na yamechongoka, ya grizli mafupi ya mviringo. Kucha za mbele za grizli ni ndefu, na nyayo zake zinaonyesha vidole vilivyokaa karibu katika mstari mmoja. Alama moja haitoshi. Dubu mweusi akiinamisha kichwa kula huonekana kama ana nundu, basi subiri ainuke, ageuke, atembee. Mwanga ukipungua, alama zote hizi hupungua nazo.

Ukishajua ni dubu mweusi, bado. Mwenye watoto haruhusiwi kupigwa, wala watoto wenyewe. Hapa ndipo ninapowaomba kwa moyo wote. Jike wa dubu huzaa kwanza akiwa na miaka mitatu, minne, mara nyingi zaidi, kisha hupumzika mwaka mzima kati ya uzao na uzao. Anapandwa Juni au Julai, lakini mimba haishiki mpaka vuli ikiisha, naye huzaa Januari pangoni akiwa amenenepa vya kutosha. Ukimuua jike mmoja umeondoa miaka mingi msituni, na baadhi ya maeneo hufungwa kabla ya wakati idadi fulani ya majike inapofikiwa.

Mwaka wangu wa pili nilimpata dubu wa rangi ya mdalasini, mita 150, ubavu wazi, uso umenyooka, peke yake kabisa. Nilishaweka kidole pembeni ya kifyatulio. Mzee, bila kutoa jicho kwenye darubini, akasema lile neno lake. Tukakaa. Dakika kumi, ishirini, mikono yangu ikafa ganzi kwa baridi. Baada ya kama dakika arobaini, kitu kikasogea juu ya msonobari nyuma yake. Watoto wawili, mmoja mweusi, mmoja kama mama yake, wakateremka makalio mbele wakamfuata. Jike huwapandisha watoto mtini akaenda kula mbali nao, nawe utaapa kwamba hana mtu. Nilipowaona nililia. Nina watoto, na najua mtoto anayebaki msituni bila mama anaishia wapi.

Dume mzima ana kichwa kipana, masikio yanayoonekana madogo na yaliyokaa mbali mbali, na tumbo linalokaribia ardhi. Akiwa na masikio makubwa na miguu mirefu ni kijana, mwache akue. Nusu saa ya kutazama ni kiasi cha chini kwangu.

Kuhusu bunduki sasa, maana mmesubiri: yoyote inayofaa kulungu, kama .308 au .30-06, inatosha. Jifunze kuipiga umekaa na umelala, mpaka ujue umbali wako wa kweli. Wangu ni mita 200 na sizidishi. Subiri asimame ubavu na mguu wa mbele wa upande wako uende mbele, upige nyuma ya bega ili risasi ipite mapafu yote mawili. Mafuta na manyoya hunywa damu, hivyo usitarajie alama nyingi chini. Weka akilini mti aliokuwa karibu nao, subiri nusu saa, mwendee mkiwa wawili, spreyi ya pilipili kiunoni. Grizli husikia harufu ya mzoga kutoka mbali, basi mmoja achune na mwingine alinde.

Chuna mara moja. Manyoya yanahifadhi joto na nyama huharibika upesi kuliko ya kulungu. Acha alama ya jinsia kwenye mzoga au ngozi kama sheria inavyotaka, na toa taarifa kwa idara ndani ya muda ulioandikwa katika kanuni za mwaka huo. Kanuni hubadilika, zisome kila mwaka. Watakuja watu kuuliza nyongo wakitaja bei nzuri. Wakatalie. Biashara hiyo ndiyo iliyofanya dubu mweusi awekwe chini ya uangalizi wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, mwaka 1992.

Nyama yake ina ladha, ila haivumilii uzembe. Hubeba minyoo midogo iitwayo trikinela, na ile ya dubu haifi kwenye friza. Mwaka 2022 familia moja ya Marekani ilikula mishikaki ya dubu kutoka Saskatchewan, nyama iliyokaa friza siku 45, ikaiva nusu. Sita waliugua, wawili kati yao wakiwa wamekula mboga tu zilizopikwa pamoja na nyama. Nunua kipimajoto cha jikoni: ndani ifike nyuzi 71 za Selsiasi, kila kipande. Ndugu zetu Waislamu wanajua kwamba mnyama mwenye meno ya kuraruia kwa wengi wao haliwi, basi usimpelekee jirani bila kumwambia ni nini.

Nyumbani kwangu mabega na shingo hupikwa kwa moto mdogo kwa muda wa saa tatu na nusu, vitunguu na nyanya, kisha sombe pembeni na ugali. Msimu wa mapukutiko, dubu aliyenenepa kwa matunda ya hakalberi hutoa mafuta meupe yasiyo na harufu. Mke wangu huyayeyusha, huyachuja kwa kitambaa na kuyafunga kwenye chupa, na maandazi ya Krismasi hukaangwa kwa mafuta hayo.