Alimpiga Nani, na Lini? Namna ya Kumpima Bingwa kwa Wapinzani Wake

Wiki hii msomaji mmoja wa Mwanza kaniandikia: "Kaka, acha kumpamba Hagler. Duran mdogo, Hearns mdogo, Leonard mdogo, hata yule Mganda Mugabi alikuwa mdogo. Kaonea wadogo maisha yake yote, halafu mdogo mmoja akamnyoosha. Mayweather 50-0, mjadala umefungwa."

Nusu ya kwanza, ya Marvin Hagler, bingwa wa dunia wa ngumi uzito wa kati miaka ya themanini, ina hoja, na nitaijibu. Nusu ya pili haina hoja, ni namba tu: ushindi 50, kipigo sifuri.

Kama sifuri ndiyo kipimo, basi Mthailand Wanheng Menayothin amempita Mayweather. Alifika 54-0 akiwa na mkanda wa WBC, moja ya mashirika yanayotoa ubingwa wa dunia, wa uzito mdogo kuliko yote, hadi Panya Pradabsri alipomshinda kwa pointi Novemba 2020. Mdenmaki Brian Nielsen naye alifika 49-0 kwenye uzito wa juu, sawa kabisa na Rocky Marciano, tena akipigana zaidi kwao Denmark. Juni 1999 alikuwa anaitafuta ya 50, Dicky Ryan akamsimamisha. Mtaje Nielsen kijiweni leo uone kama kuna atakayeinua kichwa. Na hiyo ya 50 ya Mayweather ni Conor McGregor, Agosti 2017, mtu ambaye hakuwa na pambano hata moja la ngumi za kulipwa. Ukubwa wa Mayweather haumo humo. Umo Januari 2001, alipokutana na Diego Corrales aliyekuwa 33-0 akamwangusha mara tano, mpaka kona ya Corrales ikasema basi.

Kwa kila jina lililo kwenye rekodi ya bingwa, jiulize mambo matatu: siku ile alikuwa nani, alikuwa ametokea wapi, na baada ya hapo alifanya nini. Hilo la tatu watu wengi wanaliruka, na ndilo linaloumbua.

Rekodi ya mpinzani isome kama ilivyokuwa siku kengele ilipolia. BoxRec, tovuti ya rekodi za ngumi, inakuonyesha hivyo kwenye ukurasa wa bondia unayempima: pembeni ya jina la mpinzani kuna ushindi, vipigo na sare alizokuwa nazo siku ile. Bonyeza jina lake, tafuta tarehe ya pambano, kisha soma mapambano yake sita yaliyotangulia. Hapo unatafuta vitu vichache tu. Aliwapiga akina nani? Amezimishwa karibuni? Amekaa nje muda gani? Alikuwa uzito gani?

George Foreman wa leo kwenye karatasi ana vipigo vitano. Yule aliyepanda ulingoni na Muhammad Ali Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974 alikuwa 40-0, KO 37. Alikuwa ametoka kumwangusha Joe Frazier mara sita ndani ya raundi mbili kule Kingston, na akammaliza Ken Norton Caracas ndani ya raundi mbili vilevile. Frazier na Norton wote wawili walikuwa wameshampiga Ali. Ukishayaona hayo, huhitaji mtu akusimulie makelele ya uwanjani ndipo ujue ushindi wa Ali wa raundi ya nane ulikuwa na uzito gani.

Sasa geuza. Oktoba 1980 Larry Holmes alimpiga Ali huyohuyo. Ndilo jina kubwa kuliko yote kwenye rekodi ya Holmes, na thamani yake ni karibu na bure: Ali alikuwa na miaka 38 na alikuwa amestaafu miaka miwili. Anayemjua Holmes atakutajia Norton, Juni 1978, raundi 15. Ni hivyohivyo kwa Joe Calzaghe. Usiniletee Roy Jones wa Novemba 2008, ambaye Tarver na Glen Johnson walikuwa wameshamlaza miaka minne nyuma. Niletee Mikkel Kessler, 39-0, Cardiff, Novemba 2007.

Umri nao una mtego wake. Watu humtoa Marciano maksi kwa sababu Archie Moore alikuwa mzee walipokutana Septemba 1955: miaka 38 ukimwamini Moore mwenyewe, 41 ukimwamini mama yake. Lakini Moore alikuwa bingwa wa dunia wa kilo 79, alikuwa anashinda mfululizo, na raundi ya pili akamkalisha Marciano chini. Huyo si mzee wa kuonewa. Joe Louis aliyepigwa na Marciano Oktoba 1951, huyo sawa, mtoe.

Turudi kwa Hagler na hoja ya wadogo.

Uzito wa kati mwisho wake ni kilo 72.57. Duran alijenga ufalme wake kwenye kilo 61.2. Leonard na Hearns walianzia ubingwa kwenye 66.7, na Mugabi alikuwa mtu wa 69.85. Kwa mizani peke yake msomaji wangu hajakosea. Kosa lake ni kuishia kwenye mizani.

Chukua Hearns. Aprili 1985, Las Vegas, dakika nane hivi za vita. Hagler amepasuka usoni, damu inamwagika, raundi ya tatu mwamuzi anasimamisha pambano ili daktari amkague. Daktari anaruhusu. Hagler anarudi akijua hana muda, anamfuata Hearns na mkono wa kulia, habari inaishia hapo. Huyo "mdogo" alikuwa amemzidi Hagler urefu kwa karibu sentimita 8. Kisha uliza lile swali la tatu. Machi 1987 Hearns alimpiga Dennis Andries akachukua mkanda wa WBC wa kilo 79. Oktoba mwaka huohuo akamzimisha Juan Roldan akachukua wa uzito wa kati. Juni 1991 alimshinda Virgil Hill, ambaye hakuwa amepoteza hata pambano moja, kwenye kilo 79 tena. Mtu anayebeba mikanda uzito wa juu kuliko ule aliopigiwa na Hagler, udogo wake uko wapi?

Duran naye ana ushahidi wake. Februari 1989, akiwa na miaka 37, alimpiga Iran Barkley akachukua mkanda wa uzito wa kati. Barkley huyo alikuwa amemlaza Hearns mwaka uliotangulia. Kwa hiyo Duran wa Novemba 1983 anahesabika. Lakini hapa Hagler simpi maksi zote. Kadi za majaji zilikuwa 144-142, 144-143 na 146-145 baada ya raundi 15. Alipigana kwa tahadhari mno, akamwachia mtu wa kilo 61 ya zamani nafasi ya kumtia majaji mashaka. Ushindi ni ushindi, ila ubora wa mpinzani unakudai pia uonyeshe ulimshindaje.

Mugabi ndiye huwachanganya wengi, hasa sisi wa huku tunaomwita ndugu. Alifika kwa Hagler Machi 1986 akiwa na mapambano zaidi ya 20, yote kashinda, yote kwa KO. Ukisoma hayo tu utamweka juu kabisa. Angalia alipotoka: fedha ya Olimpiki Moscow 1980, kisha wapinzani wazuri kiasi, karibu wote kwenye uzito wake wa chini. Angalia alikokwenda: Desemba 1986 akapoteza kwa Duane Thomas akiwa ameumia jicho, 1989 akachukua mkanda wa WBC wa kilo 69.85, na 1990 Terry Norris akamlaza raundi ya kwanza. Maana yake alikuwa bingwa halali kwenye kilo 69, lakini hakuwahi kuthibitisha kitu kwenye 72. Mimi namweka rundo la pili kati ya matatu nitakayoyaeleza chini. Itazame raundi ya sita, ngumi zinavyomwingia na bado yuko wima anarudisha, utaona kwa nini sikumweka la tatu. Mwamuzi Mills Lane alimhesabia mpaka kumi kwenye raundi ya 11.

Kwa Leonard, aliyemshinda kwa pointi, sitamtetea Hagler sana. Aprili 1987 Leonard alikuwa amepigana mara moja tu ndani ya miaka mitano, na Hagler akakubali raundi 12 badala ya 15. Kadi ya 118-110 ni kichekesho, lakini zile 115-113, moja huku moja kule, zinaeleweka. Kipigo nacho kinapimwa kwa mpinzani, na mpinzani yule alikuwa amekaa nje. Kinamwuma Hagler, na kimuume.

Kuna sehemu ya rekodi yake ambayo watu huipita mbio, nayo ndiyo yenye nyama. Kabla ya ubingwa Hagler aliifuata Philadelphia, mji uliokuwa umejaa watu wa uzito wa kati ambao hakuna promota mwenye akili zake angempelekea kijana wake. Bobby Watts alimshinda Januari 1976. Willie Monroe alimshinda Machi. Hagler akamsimamisha Eugene Hart Septemba, akampiga Monroe mara mbili 1977, akampiga Bennie Briscoe 1978, na kwa Watts akalipa kisasi 1980 ndani ya raundi mbili. Hata mmoja kati ya hao wanne hakuwahi kuvaa mkanda wa dunia. Ndiyo maana yule anayehesabu "kapiga mabingwa wangapi" hawaoni kabisa, huku akiwaona vibonde waliobahatika kuokota mkanda. Leo kuna WBA, WBC, IBF na WBO, na baadhi yao wanatoa mkanda zaidi ya mmoja uzito uleule. Neno bingwa peke yake halina bei. Uliza kama siku ile alikuwa ndani ya watano bora.

Na uliza pambano lilichezwa wapi, maana mcheza kwao hutunzwa. Novemba 1979 Hagler alipewa sare na Vito Antuofermo, bingwa wa wakati ule, na wengi tuliona kashinda. Mkanda akaufuata Wembley, kwa Alan Minter aliyekuwa ameshauchukua, Septemba 1980. Alimmaliza raundi ya tatu, na mashabiki wakamrushia chupa. Huku kwetu tunalijua hilo: Hassan Mwakinyo alipomsimamisha Sam Eggington raundi ya pili Birmingham, Septemba 2018, pambano lile moja lilimpandisha kuliko mengi aliyoshinda nyumbani.

Ukimaliza, panga marundo matatu. La kwanza ni waliokuwa bora na wazima siku ile. La pili, wana jina lakini kuna kitu kimepungua: umri, uzito, au kukaa nje. La tatu, vibonde. Hesabu la kwanza tu, la pili liwe nyongeza. Kwa Hagler la kwanza natoa Minter, Hamsho, Sibson, Duran, Hearns, na pale Philadelphia Monroe na Briscoe. La pili Mugabi na Obelmejias, aliyekuja na 30-0 iliyojengwa zaidi kwao Venezuela. Caveman Lee na Scypion tupa huko.

Kisha rundo la nne, la wasiokutana kabisa. Mike McCallum wa Jamaika alishika mkanda wa WBA wa kilo 69.85 tangu 1984, akamsimamisha Julian Jackson, akamlaza Donald Curry. Hagler, Hearns, Leonard, Duran, hakuna hata mmoja aliyepigana naye. Usikimbilie kusema woga. Mara nyingi ni televisheni na pesa: McCallum alikuwa hatari kubwa na tiketi ndogo. Ila pengo liandike.

Ndugu yangu wa Mwanza, sasa mfanyie Mayweather hivyohivyo, unitumie marundo yake. Canelo wa Septemba 2013 alikuwa na miaka 23, amua mwenyewe unamweka wapi. Na anza na José Luis Castillo, pambano la kwanza, Aprili 2002. Zima sauti, chukua kalamu, jaza kadi yako raundi kwa raundi kabla hujaangalia ya majaji.