Maswali na Majibu: Kadi ya grafiki ya bei nafuu, au RAM ya pili?

Maswali mengi safari hii yanahusu zile Dell na HP za ofisini, zilizotumika Ulaya kisha zikaja kuuzwa Dar na Nairobi. Ni mashine imara, ila zina vikwazo vyake ukitaka kuzichezea gemu.

Nina Dell OptiPlex 9020 SFF (yenye kasha dogo), prosesa ya Core i5-4590, RAM 8GB kipande kimoja. GTA V inakwamakwama. Ninunue kadi?

Anza na RAM. Grafiki ya ndani ya prosesa hiyo, HD 4600, haina memori yake yenyewe. Inakopa RAM ya mashine na kugombania njia ileile na prosesa. Kipande kimoja cha DDR3-1600, aina ya RAM ya mashine hii, kinapitisha gigabaiti 12.8 kwa sekunde. Vipande viwili kwenye chaneli mbili, yaani njia mbili za data, vinapitisha 25.6. Hakuna mpangilio wowote ndani ya gemu utakaokufidia pengo hilo.

Tafuta kipande kingine cha 8GB kilichoandikwa PC3-12800, ambayo ndiyo DDR3-1600. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili chaji iliyobaki iishe. Mpangilio wa sloti mara nyingi umechorwa ndani ya mfuniko. Kipande kipya kikae kwenye chaneli ya pili, siyo sloti yoyote iliyo wazi. Ukishawasha, fungua programu ya CPU-Z, nenda kwenye Memory, usome palipoandikwa Channel. Pakiwa Single, umekosea sloti, hamisha.

Baada ya hapo weka GTA V kwenye 1280x720, zima MSAA (ulainishaji wa kingo za picha), teksicha na nyasi ziwe Normal, vivuli chini kabisa. Gemu hii ilitoka kwa PC mwaka 2015 na kiwango chake cha chini ni kadi ya 9800 GT yenye 1GB, kwa hiyo inachezeka. 1080p sahau.

Laptopu yangu inaonyesha memori ya grafiki ni 128MB tu. Niliona video ya kuongeza kupitia Registry, hifadhi ya mipangilio ya Windows. Inafanya kazi?

Haiongezi kitu. Inabadilisha namba ambayo gemu inaisoma, basi. Hiyo 128MB ni akiba ya kuanzia; gemu ikihitaji zaidi, Windows inaipa kutoka kwenye RAM, hadi karibu nusu ya RAM yote. Kwenye baadhi ya mashine za AMD utakuta UMA Frame Buffer Size (kiasi cha RAM kinachotengewa grafiki) ndani ya BIOS, programu ya kuanzishia mashine, na hapo mabadiliko ni ya kweli. Lakini ukiwa na RAM 8GB ukaipa grafiki 2GB, Windows na gemu vinabaki na 6GB. Usizidishe.

Nimeshaweka RAM mbili, bado nataka kadi. Ipi inaingia kwenye SFF?

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza hela. Pawa saplai ya 9020 SFF ni wati 255 na haina waya wa pini 6 wa kadi. Kadi yako itategemea umeme wa sloti peke yake, ambao mwisho wake ni wati 75. Na lazima iwe kadi fupi kwa kimo (low-profile), yenye bamba fupi la nyuma la kuifungia kwenye kasha. Muuzaji akuonyeshe bamba hilo kabla hujalipa, kwa sababu kwenye kadi zilizotumika huwa limeshapotea.

GTX 1650 fupi ndiyo tungeichukua kwanza. Inatumia wati 75 na memori yake ya GDDR5 (aina ya memori ya kadi za grafiki) inapitisha gigabaiti 128 kwa sekunde. Tatizo ni unene: nyingi zinachukua nafasi ya sloti mbili, na kwenye baadhi ya SFF sloti ya x16, ya kadi ya grafiki, imebanana na pawa saplai. Pima kwa rula. Ikiwa nafasi ni ya sloti moja, RX 6400 inapatikana kwa unene huo na inakula wati 53. Ila inatumia njia nne tu za PCIe (njia za data kati ya kadi na mazabodi), na mashine hii ni PCIe 3.0, toleo la zamani lenye kasi ndogo; memori yake ya 4GB ikijaa, gemu inaanza kugugumia. Kwenye i5 ya kizazi cha pili, ambayo ni PCIe 2.0, ni mbaya zaidi. Pia haina kisimbaji cha video (cha kubana video inaporekodiwa), hivyo anayerekodi gemu aiache.

GT 1030? Kuna mbili zenye jina moja. Ya GDDR5 inapitisha gigabaiti 48 kwa sekunde, ya DDR4 haifiki hata 17. Boksi lisiposema GDDR5, rudisha.

Nimefunga kadi lakini gemu liko vilevile.

Angalia nyuma ya mashine. Waya wa monita bado umechomekwa kwenye tundu la mazabodi. Uhamishie kwenye kadi yenyewe, kisha weka draiva. Kama monita yako ni ya VGA, nunua adapta yenye saketi ndani, siyo ile ya kubadilisha umbo la tundu tu.

Kuna RX 580 kwa bei rahisi, muuzaji anatoa na adapta ya SATA (plagi ya umeme wa diski) kwenda pini 8. Nichukue?

Kadi hiyo inakula wati 185. Plagi ya SATA imeundwa kwa wati 54 kwenye volti 12. Plagi inayeyuka, wakati mwingine inawaka moto. RX 580 inataka pawa saplai halisi ya wati 500, na kwenye 9020 hata ukiwa na kasha kubwa utahitaji waya wa kubadilisha pini 24 kuwa 8 za mazabodi, kwa sababu Dell wametumia plagi yao. Jumlisha gharama zote hizo kabla ya kusema ni rahisi.

Nitajuaje GTX 1050 Ti feki?

Ikiwa na tundu la VGA, shtuka: chipu za kizazi hicho hazitoi VGA. Nyingi za feki ni kadi za zamani zilizobadilishwa BIOS ili zijitaje kwa jina jipya. Washa programu ya GPU-Z dukani. Ya kweli inaonyesha chipu ya GP107, shader (viini vya kuchora) 768, na basi (njia ya memori) ya biti 128. Ya feki programu hiyo mara nyingi huiandikia [FAKE] mbele ya jina. Kisha endesha FurMark, programu ya kuifanyisha kadi kazi nzito, kwa dakika 15 huku ukitazama joto. Muuzaji akikataa jaribio hilo, mwachie kadi yake.