Bidingi zinazoacha mwanya pembeni

SWALI: Mafundi, habari za kazi. Nina kabati la milango 4 ya plaiwudi ya milimita 18, na kila mlango nataka niuzungushie fremu ya bidingi (vipande vyembamba vya mbao vya urembo) ya mninga, sentimita 50 kwa 30. Wa kwanza nimeshauharibu: pembe mbili zimefungana, mbili zina mwanya, na vanishi imetoka na mabaka. Digrii 45 nilikata barabara. Ninunue pisi ngapi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Kabla ya kuulaumu msumeno, pima urefu. Vipande vinavyotazamana vikizidiana hata milimita 1, fremu haifungi hata kama pembe zote ni sahihi. Usipime kila kipande kwa futi ya kupimia. Gongomea kigingi kwenye meza ya kukatia, ndefu zote ziegemee hapo zitoke sawa, kisha ukihamishe kwa ajili ya fupi. Msumeno nao ujaribu kwenye vipande viwili vya ovyo: viunganishe, uweke guni (kipimo cha pembe ya digrii 90). Kosa la nusu digrii, kwa mikato 8 ya fremu moja, ni digrii 4.

Pisi 3 za futi 8 zinatosha. Katika mbili za mwanzo toa ndefu 4 na fupi 1 kila moja. Ya tatu itoe fupi 6 na kubaki na akiba ya kipande kitakachoharibika, maana kitaharibika.

Mabaka ni gundi. Ikishaingia kwenye vinyweleo vya mbao, vanishi haipenyi, na kitambaa chenye maji huisambaza zaidi. Paka bidingi na mlango koti la kwanza kila kimoja peke yake kabla ya kuviunganisha, ukiziba kwa tepu ya karatasi mahali pa kugandisha, kwani gundi nyeupe haishiki juu ya vanishi. Itakayovuja iache iwe kama mpira, uinyanyue kwa patasi.

Bidingi ya unene wa milimita 10 inataka pini (misumari myembamba) za robo tatu inchi. Zibutue ncha kwa nyundo ili zisipasue mbao, na kaa sentimita 3 kutoka kila pembe.

SWALI: Zangu za paini zilifungana vizuri, ila baada ya miezi miwili zimeachia upande wa ndani tu. Nizibe kwa puti?

JIBU: Mbao ilikuwa mbichi. Imenywea upana, urefu ukabaki. Puti inafaa chini ya rangi. Chini ya vanishi itaonekana. Subiri zikauke kabisa, ndipo uzing'oe na kuzikata upya.