Maswali yenu: Nataka kuuza domeini, nianzie wapi?

Barua za kununua majina ya intaneti (domeini) na kuyauza tena zimekuwa nyingi mno mwezi huu, nyingine zinafanana kabisa, nimechukua nne.

Mambo mhariri. Nimesoma kwamba chat.com iliuzwa dola milioni 15.5. Mimi nina dola 2,000 za akiba, nataka nisajili domeini kama 180 chapchap afu nizipandishe bei. Nianze na majina gani? – Mwenye Haraka

Poa kaka, ila hebu tulia kwanza. Habari ya chat.com ni ya kweli, mfanyabiashara Dharmesh Shah aliinunua 2023 kwa hela hiyo na baadae ikaishia mikononi mwa OpenAI, wale wenye ChatGPT, na 2019 voice.com ilienda kwa dola milioni 30. Lakini hayo ni maneno mafupi yaliyochukuliwa zamani sana (.com ya kwanza kabisa, symbolics.com, ilisajiliwa Machi 1985!) kwa iyo wewe leo huyapati kwa bei ya kusajili hata ukeshe. Unachokuta ni mabaki. Mabaki nayo yanauzika, sikatai, ila hesabu yake ni nyingine.

Tupige hiyo hesabu. Jina la .com bei yake ya jumla kwa Verisign, kampuni inayosimamia .com zote, ilipandishwa 2024 ikafika dola 10.26 kwa mwaka, msajili (kampuni inayokuuzia jina) naye anaweka chake juu, so majina 180 tayari yamekula akiba yote, na mwaka ukiisha unadaiwa tena zilezile maana domeini ni kama chumba cha kupanga, usipolipa kodi unatolewa. Sasa wazoefu wa biashara hii wanakwambia kwenye rundo la majina ya kawaida yanatoka moja au mawili kwa kila 100 kwa mwaka. Yaani wewe kwenye 180 zako tegemea mawili, matatu ukibahatika. Ukiuza mawili kwa dola 1,000 kila moja, soko la mtandaoni unakouzia likakata kamisheni yake ya asilimia 15 au 20, hela ya kurinyuu mwakani haijatimia na bado hujala kitu. Hapo ndo wengi wanapokufia, wala sio kwenye kuchagua majina mabaya.

Mimi ningekwambia nunua kumi tu. Na kila jina kabla hujalipia jiulize nani atalinunua, sio "watu", nataka utaje biashara tatu au nne zilizopo kabisa, labda zinatumia maneno hayohayo ila kwenye jina refu au wamebandika kistari katikati au wako kwenye kiishio cha ajabu ajabu. Ukikosa hata moja ya kutaja, achana nalo, hata kama wewe unaliona tamu. Afu lisome kwa simu kwa mtu, kama ameuliza "inaandikwaje?" ujue mnunuzi naye atauliza. Namba na vistari weka pembeni. Ingia NameBio, saiti yenye rekodi za mauzo ya domeini, uone majina yanayofanana nalo yaliuzwa shilingapi, na kama lilishawahi kuwa na mwenyewe pitia Wayback Machine, saiti inayotunza kurasa za zamani za mtandao, uone alikuwa analifanyia nini, kuna majina yametumiwa na matapeli mpaka barua pepe zake zinaangukia kwenye spamu moja kwa moja.

Na ukishanunua weka ukurasa unaosema linauzwa, na bei ikiwezekana. Mnunuzi mara nyingi anachapa jina lenyewe kwenye brauza, akikuta peupe anaondoka zake.

Dada, kuna mzungu kanitumia imeili anataka domeini yangu kwa dola 4,000! Ila anasema kwanza nipate cheti cha thamani kutoka saiti aliyoitaja yeye, inalipiwa kidogo tu. Nilipe? – Mama wa Majina

Usilipe mama yangu. Huyo na hiyo saiti ni mtu mmoja, au wanagawana. Ukishalipia cheti anapotea, au anakuja na kingine. Ni utapeli wa siku nyingi kwenye biashara hii na bado unaua watu kwasababu ile ofa inakuja wakati umeshakata tamaa. Mnunuzi wa kweli anabishana na wewe bei, cheti hana shida nacho. Ukimpata wa kweli pitisheni hela kwa mtu wa kati kama Escrow.com, na anwani ya Escrow.com iandike wewe mwenyewe kwenye brauza usibonyeze linki uliyotumiwa maana za bandia zipo. Ile namba ya siri ya kuhamisha jina (auth code) usiitoe mpaka mtu wa kati athibitishe hela imeingia kwake.

Nimesajili jina la kampuni kubwa ila nimekosea herufi moja makusudi. Naweza kuwaandikia wanunue? – Mjanja

Ukiwaandikia ndo umewapa ushahidi. Tangu 1999 ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti duniani, ina utaratibu wa kesi za majina unaoitwa UDRP, kampuni inaonyesha mambo matatu: jina lako linafanana na alama yao ya biashara, wewe huna haki nalo, na ulilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Kumwandikia mwenye alama umuuzie kwa faida ni mfano wa nia mbaya uliotajwa kwenye utaratibu wenyewe. Wao pale WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la hakimiliki linaloamua kesi hizi, wanalipia kesi dola 1,500 kwa mwamuzi mmoja, wewe unanyang'anywa jina bila senti. Marekani ndo kabisa, sheria yao ya mwaka huohuo inaruhusu fidia mpaka dola 100,000 kwa jina moja. Liache liishe muda wake.

Jina ninalolitaka limeexpaya jana, mbona bado silipati? – Mvizia

Kwasababu bado ni la mwenyewe. Msajili anaweza kukaa nalo mpaka siku 45, hapo mwenyewe bado anaweza kurinyuu. Likifutwa zinakuja siku 30 za kulikomboa kwa bei ya kuumiza, afu siku 5 za mwisho ambazo hakuna mtu anaweza kuligusa, ndo linadondoka. Ila kama ni zuri usitegemee lifike huko, wasajili wengi wanalipeleka mnadani mapema, so angalia kama liko kwenye mnada wa msajili wake saa hizi. Likidondoka kweli kuna kampuni zenye mashine za kudaka kwa sekunde, weka oda kwao, mkono wako hauwezi kushindana. Na ukilipata hivo hesabu siku 60 kabla ya kulihamishia kwa msajili mwingine, kwa iyo mnunuzi akitokea mapema mwambie afungue akaunti hapohapo lilipo, umsogezee ndani kwa ndani.